Kuteguka kwa mfupa mwezi, na maana ya "kupona"

Ukianguka na bodaboda ukajikinga kwa kiganja, nyumbani watasema mkono umeteguka. Utakandwa maji ya moto, utachuliwa mafuta, basi. Mara nyingi kiungo kimeshtuka tu. Lakini kuna kuteguka kwingine, adimu, kusikotaka kuchuliwa hata kidogo.

Kifundo cha mkono kina mifupa midogo 8. Mmoja wa katikati umejikunja kama mwezi mchanga. Madaktari huuita luneti. Hapa tuuite mfupa mwezi. Kishindo kikubwa kikikata kano zinazoushika, ama mifupa jirani huhama na kuuacha pale pale, ama wenyewe husukumwa upande wa kiganja. Mfupa huo ukibana mshipa wa fahamu, kidole gumba, cha shahada na cha kati huingia ganzi. Eksirei ya mbele inaweza kumpita hata daktari. Ya ubavuni ndiyo huufichua, umeinama kama kikombe kilichomwaga chai. Takriban robo ya majeraha haya hayagunduliki mwanzoni.

Kwenye upasuaji mfupa hurudishwa, kano hushonwa, na waya huchomwa kushikilia vyote kwa wiki kadhaa.

Kazi iko kwenye neno "kupona". Hogo, yaani plasta ngumu iliyofunga mkono, likitolewa, mkono hutoka mwembamba, ngozi imepauka, kifundo kigumu kama mpini wa jembe. Ndugu wanakupa hongera, nawe huwezi kufungua kifuniko cha chupa. Nguvu hurudi polepole, kwa mazoezi, mwaka mzima na zaidi, na kwa wengi hairudi yote: hubaki kama robo tatu au sehemu nne kati ya tano za nguvu ya mkono mwingine, na mkunjo hupungua.

Kwa mkulima wa zabibu wa Mpunguzi, Dodoma, hiyo ni kusema mkasi wa kupogolea anaubana vizuri asubuhi, saa 5 mkono umeshachoka. Kusonga ugali wa uwele ni mtihani mkubwa zaidi, maana mwiko hutaka kifundo kikunjwe na kusukuma kwa pamoja.

Miaka ikipita, eksirei nyingi huonyesha kiungo kimeanza kulika. Mimi nisingeiogopa sana picha hiyo. Picha na maumivu haviendi sambamba kila mara. Wapo wenye picha mbaya na kazi zao wanafanya. Utawajua wakiinuka mkekani: hawaegemei kiganja, wanakunja ngumi ndipo wanajiinua.