Mangungu hakuuza nchi, na fomu yako ya ridhaa ina Ramazan wake

Kila mkataba wa madini, gesi au bandari usiopendwa na watu unapotiwa saini, lazima atokee mtu wa kumfufua Chifu Mangungu. Redioni, kijiweni, kwenye magrupu ya WhatsApp: "Haya ndiyo mambo ya Mangungu," na hakuna anayeomba ufafanuzi. Sote tulifundishwa shuleni kuhusu yule mtawala wa Msovero aliyelaghaiwa na Mjerumani Karl Peters mwaka 1884 akatia saini mkataba wa kuuza nchi. Kijiweni sina neno, watu wapige soga zao. Kinachonitoa jasho ni kuikuta habari hiyo kwenye insha ya mwanafunzi wa sayansi ya jamii, imewekwa tarehe na kupewa aya yake, halafu chini yake pameandikwa kwamba mkataba huo "unathibitisha viongozi wa Kiafrika ndio walioanza kuuza rasilimali zetu". Unathibitisha! Nimeisahihisha sentensi hiyo hadi kalamu nyekundu imenigomea. Leo naandika mara moja, ili anayefuata nimtumie kiungo tu nikalale.

Yale mepesi niyapitie mbiombio. Mwaka 1884 hapakuwa na Tanganyika ya kuuzwa. Jina hilo lilitolewa na Waingereza mwaka 1920. Karatasi yenyewe inamtaja Mangungu kuwa sultani wa Msovero katika Usagara, yaani upande wa Kilosa ya leo, kwa hiyo hata ukiiamini neno kwa neno, kilichotolewa ni Msovero. Na tafadhali, Mkutano wa Berlin haukuchora mstari wowote huku kwetu. Wakubwa wale walikaa kuanzia Novemba 1884 hadi Februari 1885 wakijadili biashara ya mito ya Kongo na Niger, pamoja na masharti ya kujitwalia pwani mpya. Mpaka wa Mjerumani na Mwingereza Afrika Mashariki ulipatanwa mwaka 1886, ukakamilishwa 1890. Basi, hayo yameisha.

Tatizo langu ni namna tunavyoisoma ile karatasi.

Anza na mwandishi wake. Peters alikuwa na miaka 28, hana cheo chochote serikalini, ana chama chake cha ukoloni kilichozaliwa Berlin mwezi Machi mwaka huohuo. Alifika Unguja mwanzoni mwa Novemba na wenzake watatu, wakiwa wamesafiri kwa majina bandia. Pale akakutana na ujumbe kutoka Berlin: serikali haitamlinda. Tarehe 10 Novemba akaondoka Saadani kwenda bara, na tarehe 17 Desemba alikuwa amerudi pwani. Ndani ya wiki tano na kidogo, kwa miguu, akiugua njiani, anadai alijipatia kwa mikataba Usagara, Nguru, Uzigua na Ukami, eneo la karibu kilomita za mraba 140,000. Ni karibu mara mbili ya Mkoa wa Morogoro. Mwanafunzi wangu akiniletea takwimu za namna hiyo kutoka uwandani ndani ya wiki tano, namrudisha uwandani.

Sasa mkataba wenyewe, wa tarehe 29 Novemba. Unasema Mangungu anatoa eneo lake lote, kwa wakati wote, kwa ajili ya ukoloni wa Kijerumani, na Peters anaahidi kuipa Msovero uangalizi maalumu chama chake kitakapoanza kuikoloni Usagara. Halafu zinakuja sentensi za mwisho, ambazo wanafunzi huziruka kwa sababu swali la mtihani haliziulizi. Zinasema kwamba mkalimani aitwaye Ramazan amemweleza Mangungu mkataba huu kwa uwazi. Kwamba umetiwa saini kwa kufuata taratibu zinazotambuliwa Usagara. Na kwamba Mangungu, alipoulizwa moja kwa moja, amesema hayuko chini ya Sultani wa Zanzibar kwa namna yoyote, na wala hajui kama mtu huyo yupo.

Hiyo sentensi ya mwisho isome tena taratibu. Usagara ilikuwa njiani mwa misafara. Mpwapwa, kwenye Usagara hiyohiyo, ilikuwa kituo ambapo kila msafara wa Bagamoyo na Saadani ulipumzika kabla ya kuingia Ugogo, na wamisionari wa Kianglikana wa CMS walikuwa wameshajenga huko tangu miaka ya 1870. Pembe, nguo, baruti, shanga na watumwa vilipita hapo mwaka hadi mwaka kwa fedha za wafanyabiashara wa Unguja. Mtawala aliyeishi kwenye njia hiyo, aliyezoea kudai hongo, ule ushuru wa njia, kwa watu wa Barghash, Sultani wa Zanzibar wa wakati huo, awe hajawahi kusikia kuna Barghash? Sijakutana na mwanahistoria aliyenishawishi juu ya hilo, na sitarajii kumpata.

Basi kwa nini iandikwe? Kwa sababu kuna mtu mmoja tu aliyeihitaji sentensi hiyo, na hakuwa Mangungu. Peters alijua kwamba Sultani anaidai bara kuwa yake, na kwamba Waingereza walioko Unguja wanamuunga mkono. Akirudi Berlin na karatasi ya mtawala aliye chini ya mwingine, wataitupa. Lazima awe "huru". Ndiyo maana kwenye hati hizo wazee wa vijiji wanaitwa masultani: sultani ana mamlaka ya kutoa nchi, mzee wa kijiji hana. Msomaji aliyekusudiwa alikuwa Bismarck, kansela wa Ujerumani, na karatasi ilisomeka vizuri: tarehe 27 Februari 1885, siku moja baada ya Mkutano wa Berlin kufungwa, chama cha Peters kilipewa hati ya ulinzi ya Kaisari.

Kwa hiyo ukinukuu mkataba huu kama ushahidi wa tabia ya Mangungu, unamhukumu mtu aliyeibiwa kwa risiti aliyoiandika mwizi. Ni ushahidi mzuri sana, ila ni ushahidi wa mahitaji ya Peters.

Huko Usagara, ardhi ya Wakaguru na Wasagara ilikuwa ya koo, tena koo zinazofuata upande wa mama. Kiongozi aliweza kumruhusu mgeni apite, apige kambi, hata alime. Kumpa "kwa wakati wote", yeye na warithi wake, ni mamlaka ambayo hakuwa nayo. Peters mwenyewe anaeleza jinsi shughuli zilivyokwenda: zawadi, kinywaji, kuchanjiana damu na baadhi ya watawala, kusoma karatasi, bendera juu, risasi hewani. Ukiondoa karatasi na bendera, unabaki na shughuli ambayo kila mtu wa njia ya misafara aliielewa vizuri: mgeni mwenye bunduki amekuja, tumefanya undugu, sasa tuna mtu wa kumtaja majirani wakituchokoza. Huenda Mangungu aliona amepata ndugu wa kuchanjia. Huenda aliona amepata shanga na usumbufu umepita.

Hapa nijizuie, maana kuna ugonjwa wa pili, na huu unawapata wanafunzi wazuri. Wakishagundua kwamba Mangungu hakuwa mjinga, wanamgeuza mwanadiplomasia mahiri aliyekuwa akicheza karata za kimataifa kati ya Berlin na Unguja. Ushahidi uko wapi? Hatuna neno lake hata moja ambalo halikupita kwa Ramazan, halafu kwa Peters, halafu kwenye Kijerumani cha kisheria. Ninapoandika "huenda aliona" hapo juu najua fika kwamba nami namtia maneno mdomoni, na sina uhakika kwamba maneno yangu ni ya heshima kuliko ya Peters kwa sababu tu nia yangu ni njema. Vitabu vya mbinu za utafiti hukwambia "linganisha vyanzo". Linganisha na nini?

Na wanaosema nchi iliuzwa kwa karatasi wanasahau kilichofuata. Barghash alimpelekea Kaisari malalamiko. Agosti 1885 manowari za Kijerumani zikajipanga mbele ya Unguja, akanywea. Mwaka 1888 kampuni ya Kijerumani iliyotokana na chama cha Peters ilipoanza kutawala pwani, watu waliinuka chini ya Abushiri bin Salim huko Pangani na Bwana Heri huko Uzigua, ile Uzigua ambayo Peters alikuwa ameshaipata kwa maandishi. Ilibidi Wissmann, afisa wa Kijerumani, aje na askari wa kukodi kutoka Misri na Msumbiji ndipo koloni likae mikononi. Saini ilitosha Berlin tu.

Sasa Ramazan. Ndiye anayeninyima usingizi, na ndiye sababu ya kuandika haya kwa wanafunzi wa jamii badala ya kubishana na wanahistoria wenzangu.

Anatajwa kwenye sentensi moja tu. Hatuambiwi alimwambia nini Mangungu, kwa lugha gani, na neno gani alilitumia pale karatasi ilipodai kutoa nchi milele. Hatujui kama yeye mwenyewe alikielewa kilichoandikwa. Lakini mkataba mzima umesimama juu yake: "ameelezwa kwa uwazi".

Fungua fomu yako ya ridhaa. Ndiyo, hiyo uliyoambatanisha nyuma ya tasnifu. "Nimesomewa maelezo haya kwa lugha ninayoielewa, nimeyaelewa, na nimekubali kwa hiari yangu kushiriki." Dole gumba. Tarehe. Maelezo yalitungwa kwa Kiingereza ili kamati ya maadili iyapitishe, yakatafsiriwa Kiswahili usiku kabla ya safari, na kijijini mtafiti msaidizi akayageuza Kikaguru papo hapo, chini ya mwembe, mtendaji wa kijiji akiwa ameketi hatua mbili pembeni kwa sababu ndiye aliyepokea barua yako ya kibali. Kisha soda zikagawiwa. Kwenye sura ya tatu unaandika: "Washiriki wote waliridhia."

Wote? Kwenye mikataba yote ya Peters pia, wote waliridhia.

Najua, mtasema nawaonea. Hamkwenda na bunduki, hamkuchukua ardhi ya mtu, na wengi wenu mlitumia fedha zenu za kujikimu kulipa nauli. Ni kweli, na ulinganisho wangu unapwaya hapo. Lakini angalia kazi ambayo sentensi inafanya. Yako na ya Peters zote zinamwambia msomaji aliye mbali, ofisini, kwamba yule aliye kijijini hana neno. Zinailinda taasisi. Mama aliyeweka dole gumba hazimpi kitu, wala hana nakala.

Na hapo Kilosa, kwa taarifa yenu, watu wana historia ndefu ya migogoro ya ardhi kati ya wakulima na wafugaji, kando ya mashamba makubwa ya katani yaliyoanzishwa enzi za ukoloni. Mtu wa huko akisita kuweka dole kwenye karatasi ya mgeni, usiandike kwamba "uelewa wa jamii kuhusu utafiti bado ni mdogo". Nimeisoma hiyo nayo. Uelewa wake kuhusu karatasi ni mkubwa kuliko wako.

Nini kifanyike? Sijui vizuri. Nimewahi kutetea ridhaa ya mdomo inayorekodiwa, lakini kinasa sauti nacho kinatisha, na kamati inataka karatasi. Kumwondoa mtendaji ni rahisi kusema. Akikasirika, utafiti umekwisha. Ninachodai kwa wanaonipitishia kazi ni kidogo na kinawaudhi: aya mbili juu ya mkalimani. Ni nani, ni wa ukoo gani, analipwa na nani, maneno gani magumu mlikubaliana ayasemeje, nani alikuwepo akisikiliza, na nani alikataa na alikataa vipi. Watu wa kwetu mara nyingi hawasemi hapana. Wanasema "njoo kesho", na kesho wameenda shamba. Hilo ni jibu. Liandike.

Bado nina shaka moja inayohusu masimulizi. Ushauri wa kawaida ni kwamba hati ikiwa ya upande mmoja, nenda kwa wazee. Lakini wazee walio hai leo wamepita shule, au watoto wao wamepita, na shule imewafundisha Mangungu wa kitabuni. Ukienda Msowero, ndiyo Msovero ya kwenye karatasi, ukauliza habari za mkataba, unaweza kurudishiwa kitabu cha historia kwa sauti ya babu, ukakitia kwenye tasnifu kama chanzo cha msingi. Sina dawa ya uhakika ya kutenganisha kilichorithiwa nyumbani na kilichorudi kutoka darasani.

Ninachojaribu ni kutouliza habari za mkataba kabisa. Kwa hiyo kama wewe ni mtu wa huko na una bibi au babu anayependa kusimulia, usimtaje Peters wala Wajerumani. Muulize Mangungu alikuwa wa ukoo gani kwa mama, alioa wapi, nani alishika nafasi yake, na watu waliokuja kulima Msowero baadaye waliomba ardhi kwa nani. Akijibu kwamba waliomba kwa ukoo, kama kawaida, niandikie.