Polisi kaonekana kwenye video, mbona DA hajamkamata?

Malalamiko yanayoingia kwetu, ofisi ya DA (mwendesha mashtaka wa wilaya hapa Marekani), siku hizi ni mengi na swali ni lile lile: polisi kaonekana kwenye video, mbona yuko mtaani mpaka leo. Nitajibu kwa ujumla tu, kesi iliyo wazi siruhusiwi kuigusa.

Malalamiko uliyopeleka kwenye kitengo cha nidhamu cha polisi wenyewe sio kesi ya jinai. Hapa Marekani hilo ni suala la mwajiri na mfanyakazi wake, linaweza kuishia kwenye onyo au kufukuzwa kazi na sisi kwa DA tusione hata karatasi. Ukitaka jinai, lete na kwetu.

Halafu kuna hili la "si mumbane tu aseme". Jamani. Kubanwa anabanwa, ila na bosi wake: jibu maswali au kazi huna. Mwaka 1967 kwenye kesi ya Garrity, ya polisi wa New Jersey waliotuhumiwa kuchezea tiketi za trafiki, Mahakama ya Juu ikasema maneno yaliyotolewa kwa kutishiwa kazi hayatumiki kumtia mtu hatiani. Kwa hiyo mahojiano yale sisi tunaoendesha kesi hatutakiwi hata kuyaona, faili linapita kwanza kwa mawakili wengine wasiohusika, wanalipitia ukurasa kwa ukurasa, wanatoa kila kilichotokana na mahojiano hayo ndo tunapewa kilichobaki. Ikitokea mmoja wetu kasoma kurasa mbili kwa bahati mbaya anaweza kuondolewa kwenye kesi, na mzigo wa kuonyesha kwamba ushahidi wetu umetoka kwingine unatuangukia sisi. Hapo tu miezi imeshaondoka.

Rekodi za benki na za simu mara nyingi tunazipata kwa samansi ya jopo la raia linalokaa kwa siri. Ukiambiwa "hatuwezi kusema" sio dharau, ni sheria.

Kwenye nguvu iliyotumika kipimo kilitoka kwenye kesi ya Graham, 1989: polisi mwenye busara angefanya nini pale pale, sio wewe uliyerudisha video mara kumi. Kosa likithibitika chini ya sheria ya shirikisho ya haki za raia ni hadi mwaka 1 jela, mtu akijeruhiwa hadi 10, akifa inaweza kuwa maisha au hata kifo, ila hiyo inaendeshwa na waendesha mashtaka wa shirikisho, sio sisi. Na kwa sababu polisi hao hao ndio mashahidi wetu kila siku, tunaweza kuonekana tunawapendelea, ndiyo maana New York vifo vinavyosababishwa na polisi vinachunguzwa na mwanasheria mkuu wa jimbo.

Rushwa nayo watu wanaleta picha ya gari jipya la diwani. Gari halisemi kitu. Mwaka 2016, kesi ya McDonnell, aliyekuwa gavana wa Virginia, Mahakama ya Juu ilisema kumpangia mtu mkutano tu haitoshi, na 2024 ikasema "asante" inayotolewa baada ya kazi, bila makubaliano ya kabla, haiangukii kwenye sheria ile ya shirikisho ya hongo kwa viongozi wa majimbo na miji. Sheria za jimbo zinaweza kuwa kali zaidi, lakini popote pale meseji ya kabla ya uamuzi ndo tunayoitafuta.

Na video tuletee nzima, kutoka kwenye simu iliyorekodi. Ya WhatsApp imeshabanwa, tarehe na saa zake za mwanzo mara nyingi hazipo, na tafadhali msiweke muziki.