Merkato ya Lubumbashi: kabla ya kuuliza nani anakuja, uliza mkataba wa nani unaisha

Kila mwaka, baridi ya Juni ikishaingia Lubumbashi na vumbi likaanza kupanda barabarani, merkato, yaani msimu wa kununua na kuuza wachezaji, inakaribia, na simu yangu inajaa swali lilelile. Mashabiki wa Mazembe wanauliza, wa Lupopo wanauliza, klabu zetu mbili za hapa mjini: "Yaya, batu bote banaenda Dar, siye tutabakia na nani?" Yaani wachezaji wote wanakwenda klabu za Dar es Salaam. Nimekuwa nikiwajibu mmoja mmoja, lakini jibu lenyewe ni refu, halitoshi kwenye ujumbe wa WhatsApp. Kazi yangu ni usajili: naandaa mafaili ya wachezaji, nasoma mikataba, na naingiza taarifa kwenye TMS, mfumo wa FIFA ambao tangu Oktoba 2010 kila uhamisho wa kimataifa wa mchezaji wa kulipwa lazima uupitie.

Hofu ya mashabiki naiheshimu. Mtu anayetoka mtaa wa Katuba kwa miguu hadi uwanja wa Mazembe kule Kamalondo, ameweka pesa ya tiketi pembeni tangu Jumatatu, ana haki ya kujua ekipe yake, timu yake, inakwenda wapi. Ninachoona ni kwamba hofu hiyo inakuja imechelewa. Ekipe haiharibiki Agosti kwa sababu jina fulani halikufika. Inaharibika Desemba iliyotangulia, pale mchezaji wa kikosi cha kwanza alipobakiza miezi sita kwenye mkataba na hakuna kiongozi aliyeketi naye mezani.

Kanuni ya FIFA iko wazi. Mchezaji aliyebakiza miezi sita au chini ya hapo anaruhusiwa kusaini na klabu nyingine kwa ajili ya msimu unaofuata. Kama mkataba wake unaisha mwishoni mwa Juni, basi kuanzia Januari yuko huru kuongea na kusaini, na klabu yake ya sasa haipati hata dola moja ya ada ya uhamisho. Mashabiki wanakuja kusikia habari Julai, wanasema ameibwa. Hakuibwa. Alisaini zamani, wakati wao bado wanampigia makofi.

Hapo ndipo nunua na uza zinapoungana. Klabu zetu haziishi kwa haki za televisheni kama za Ulaya. Pesa ya kumleta mshambuliaji mpya hutoka kwa mfadhili, au kwa mchezaji uliyemuuza, au kwa zawadi za mashindano ya CAF, shirikisho la soka la Afrika. Ukimwachia beki wako bora aondoke bure, umepoteza beki na umepoteza pesa ya kumtafuta beki mwingine. Mara nyingi mashabiki wanaona nafasi iliyo wazi uwanjani tu. Ile ya pili iko kwenye hesabu na ndiyo inayokaa muda mrefu zaidi.

Dar es Salaam imeongeza presha kweli, sikatai. Klabu ya Tanzania inaruhusiwa kusajili wageni hadi 12, na Simba na Yanga wana uwezo wa kulipa mishahara ambayo ekipe nyingi za kwetu haziwezi. Fiston Mayele alitoka Vita Club ya Kinshasa kwenda Yanga mwaka 2021. Msimu wa 2022/23 akawa mfungaji bora wa Kombe la Shirikisho kwa mabao 7, Yanga ikafika fainali, na njiani ikaifunga Mazembe nyumbani na ugenini. Maxi Nzengeli alifuata njia hiyo mwaka 2023 kutoka Maniema Union. Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba soko la Dar linatuumiza, nakubaliana naye. Lakini dawa ya soko lenye nguvu ni mkataba mrefu uliosainiwa mapema. Kanuni inaruhusu hadi miaka mitano kwa mtu mzima, na isiyozidi mitatu kwa aliye chini ya miaka 18. Mchezaji mwenye miaka 22 anayefunga mabao apewe mkataba mpya akiwa bado ana miaka miwili kwenye ule wa zamani. Hapo Dar, Casablanca au Cairo wakija, watakuja na barua na bei.

Kuna jambo lingine linalowachanganya watu. Kila nchi inajipangia tarehe zake za usajili, na kinachohesabiwa ni dirisha la nchi anakokwenda mchezaji. Dirisha letu linaweza kuwa limeshafungwa na la Libya au la Saudi Arabia bado liko wazi. Ndiyo maana unaweza kumpoteza kiungo wako wakati wewe mwenyewe huwezi tena kununua mbadala, isipokuwa umpate mchezaji ambaye mkataba wake uliisha kabla ya dirisha kufungwa. Huyo kanuni inamruhusu kusajiliwa hata baadaye. Katibu anayejua kazi yake huwa na majina mawili au matatu ya namna hiyo kwenye daftari.

Sasa nije kwenye makaratasi, ambayo mashabiki hawayaoni na mimi ndiyo maisha yangu. TMS inataka klabu mbili ziingize taarifa zilezile, kila moja upande wake: jina, tarehe ya kuzaliwa, aina ya uhamisho, kiasi cha pesa, tarehe za malipo. Kimoja kikitofautiana, mfumo unasimama. Mkongo ana jina, postnom (jina la pili linalofuata lile la kwanza) na jina la ubatizo, na klabu za nje hazijui kipi kiende wapi. Nimewahi kukaa usiku na faili la beki mmoja ambaye klabu ya ugenini ilikuwa imeandika postnom yake kwenye sehemu ya jina la kwanza, halafu kwenye mkataba wakaacha herufi moja. Paspoti yake ilikuwa mbele yangu, imefunguliwa ukurasa wa picha, nikisoma herufi moja moja kwa simu kwa mtu asiyejua Kiswahili wala Kifaransa. Umeme ulikuwa umekatika, betri ya kompyuta inaelekea kuisha. Dirisha lilikuwa linafungwa usiku huohuo. Beki yule alipata hati yake ya uhamisho wa kimataifa, lakini kesho yake mashabiki wangesema nini kama herufi ile ingetushinda? Wangesema uongozi hautaki kununua.

Kama kuna anayedhani naongeza chumvi, akumbuke mwaka 2011. Mazembe walikuwa mabingwa wa Afrika mara mbili mfululizo, 2009 na 2010, na Desemba 2010 walikuwa wameifunga Internacional ya Brazil 2-0 na kucheza fainali ya Kombe la Dunia la Klabu dhidi ya Inter Milan. Kwenye Ligi ya Mabingwa iliyofuata waliitoa Simba ya Tanzania, kisha Wydad Casablanca ya Morocco. Simba ikawasilisha malalamiko kuhusu beki Janvier Besala Bokungu, aliyekuwa na mgogoro wa mkataba na Espérance ya Tunis. CAF ikaamua kwamba hakustahili kucheza, na bingwa mtetezi akatupwa nje ya mashindano. Simba na Wydad wakapelekwa kucheza mechi moja Cairo kugombea nafasi ile, Wydad wakashinda, na mwisho wakafika fainali. Uwanjani hakuna aliyekuwa ameitoa Mazembe. Ilitolewa na faili.

Na angalia kilichotoka kwenye mechi zilezile za Simba. Upande wa pili alikuwepo kijana aitwaye Mbwana Samatta, ambaye mwaka huohuo 2011 alikuja Lubumbashi. Usajili bora kabisa niliowahi kuuona katika mji huu na karatasi iliyotugharimu kuliko zote vilizaliwa kwenye pambano moja.

Samatta anastahili kuangaliwa kwa karibu, kwa sababu ndiye kila mtu anamtaja akidai "tununue Samatta mwingine." Alipokuja alikuwa na miaka 18. Ligi ya Mabingwa aliyoiamua ni ya 2015. Miaka minne! Fainali ya mwaka ule dhidi ya USM Alger Mazembe walishinda 2-1 kule Algiers na 2-0 hapa Kamalondo, na mabao yao yote manne yalifungwa na wachezaji wa kigeni: Rainford Kalaba wa Zambia moja, Samatta mawili kwa penalti, Roger Assalé wa Côte d'Ivoire moja. Mashabiki wanaikumbuka siku ile ya Novemba. Miaka ya katikati, ambapo kijana alikuwa akifundishwa, akiwekwa benchi, akicheza kwenye viwanja vya Linafoot, ligi yetu ya Kongo, vyenye mashimo, wanaisahau. Januari 2016 akatajwa mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza barani, na mwezi huohuo akaenda Genk ya Ubelgiji, mkataba wake na Mazembe ukiwa umebakiza miezi michache tu. Hata kwa mchezaji mkubwa namna ile saa ilikuwa inatukimbiza.

Kwa hiyo mtu akisajiliwa ana miaka 19, anatoka Copperbelt ya Zambia, ng'ambo ya mpaka wa Kasumbalesa, hana jina, hakuna video yake inayozunguka kwenye simu, mimi sishtuki. Nashtuka zaidi akija mtu wa miaka 33 mwenye jina kubwa kwa mkataba wa miaka mitatu. Huyo hutamuuza, mshahara wake utakula nafasi ya vijana wawili, na siku atakapodai malimbikizo atakwenda FIFA. Hili la malimbikizo ni zito. Mchezaji asipolipwa mishahara miwili ana haki ya kuipa klabu notisi ya siku 15 na kisha kuvunja mkataba. Klabu ikishindwa kulipa deni lililoamuliwa na FIFA inaweza kuzuiwa kusajili hadi madirisha matatu mfululizo. FIFA inachapisha orodha ya klabu zilizozuiwa, mtu yeyote anaweza kuisoma. Ukiona klabu yoyote imenyamaza kabisa merkato nzima, kaangalie huko kwanza kabla hujamtukana kocha.

Kuhusu majina yanayotajwa redioni kila jioni ya Julai, sina mengi. Ajenti anataka bei ya mchezaji wake ipande, anataja klabu mbili. Basi.

Wakati ndio unaonitia hofu kweli. Raundi za awali za CAF huanza Agosti au Septemba, na orodha ya wachezaji hupelekwa kabla yake. Anayefika wiki ya mwisho ya dirisha hajui hata golikipa wake anapenda mpira upigwe wapi. Oktoba 2021 Mazembe walitolewa na AmaZulu ya Afrika Kusini kwa bao la ugenini: 0-0 Durban, 1-1 hapa. Mwaka uliofuata Vipers ya Uganda ikaja, dakika 180 bila bao, penalti, tukatoka. Sisemi usajili peke yake ulifanya hayo. Nasema mechi za namna hiyo huamuliwa na vitu vidogo, na ekipe iliyokaa pamoja tangu Juni ina vitu vidogo vingi zaidi. Wa Lupopo walionja upande mtamu mwaka 2025 walipoitoa Orlando Pirates kwa penalti, baada ya kila mmoja kushinda 3-0 kwake. Na pesa iko hapo: kwa viwango vya msimu wa 2023/24, kufika tu makundi ya Ligi ya Mabingwa kulikuwa na thamani ya dola 700,000. Mwaka ule Mazembe walifika nusu fainali, wakasimama 0-0 na Al Ahly hapa nyumbani kabla ya kupoteza 3-0 Cairo. Hiyo ilikuwa dola milioni 1.2. Hesabu ni wachezaji wangapi wa miaka 19 hapo.

Desemba ikifika, basi, waulizeni viongozi wenu swali moja: kati ya wale 11 wanaoanza, wangapi mkataba wao unaisha Juni? Prezida wa tawi la mashabiki anaweza kuliuliza kwenye mkutano bila kumvunjia mtu heshima.

Na kwa makocha wa klabu ndogo za Katuba, Rwashi na Kampemba, mnaoniuliza kama nanyi mna chochote kwenye biashara hii: mnacho, tena kingi. Mchezaji akiuzwa nje kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya bei inagawiwa klabu zilizomlea kati ya miaka 12 na 23. Kwa miaka ya 12 hadi 15 ni asilimia 0.25 kila mwaka, kuanzia 16 ni 0.5. Kijana wako akiuzwa kwa euro milioni 10, misimu minne aliyokaa kwako kuanzia miaka 16 inakupa euro 200,000. Kando ya hiyo kuna fidia ya malezi anaposaini mkataba wa kwanza wa kulipwa nje ya nchi. Tangu Novemba 2022 malipo hayo yanapitia ofisi maalum ya FIFA iliyoko Paris, na ofisi hiyo inasoma paspoti ya mchezaji, yaani historia ya usajili iliyoandikwa na shirikisho. Klabu ambayo haikuandikwa humo hailipwi, hata kama mtaa mzima unajua kwamba kijana alijifunza mpira kwenye uwanja wake. Kwa hiyo mtoto akiingia ana miaka 12, mtengenezee lisansi, kadi ya usajili wa mchezaji, mwaka huohuo, iandike tarehe aliyoingia na aliyotoka, ipeleke ligi ya mji, udai nakala yenye muhuri, na uiweke mahali ambapo mvua ya Novemba haitaifikia.