Mtoto Mwenye Saratani Hasafirishwi, Jalada Ndilo Linalosafiri

Tangu habari za hospitali zetu kushirikiana na za nje kwenye saratani za watoto zianze kusikika redioni, wazazi wanatufikia hospitalini Dodoma kutoka Chemba, Mpwapwa hadi Manyoni wakiwa na swali moja: mtoto ataondoka lini? Wapo waliokuja na pasipoti lakini hawana barua ya rufaa.

Karibu watoto wote hawaendi popote. Kinachovuka mpaka ni picha za kipimo cha kinyama (kipande kidogo kinachokatwa kwenye uvimbe), majibu ya damu na maelezo ya ugonjwa, ambavyo mabingwa wa hapa na wenzao wa nje huvijadili kwa video na kukubaliana dawa na dozi. Utaratibu huu una umri. Mwaka 1986 madaktari wa Monza, Italia, walianza kushirikiana na hospitali ya watoto ya Managua, Nicaragua. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani na Hospitali ya St. Jude ya Memphis, Marekani, walianza mpango wa kufikisha uponaji wa angalau asilimia 60 ya watoto wenye saratani duniani ifikapo 2030. Kwenye nchi tajiri hupona zaidi ya asilimia 80. Kwenye nchi nyingi zenye kipato kama chetu, chini ya 30. Hapa nchini kazi hiyo inabebwa na mtandao wa Tumaini la Maisha ulioanzia Muhimbili.

Rufaa ya nje ipo, ila mzazi haiombi kwa mkono wake. Hospitali ya wilaya inaandika barua kwenda hospitali ya rufaa ya mkoa, mkoa unaandika kwenda kanda, jopo la mabingwa wa kanda linathibitisha kwamba tiba hiyo haipatikani nchini, ndipo maombi yanakwenda Wizara ya Afya. Barua ya mheshimiwa mbunge haiwezi kuchukua nafasi ya barua ya jopo. Nimelieleza hili mara nyingi na nitaendelea kulieleza.

Majalada yanapotumwa nje, jina la mtoto huondolewa na kuwekwa namba. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatubana: mtumishi anayetoa taarifa za mgonjwa kinyume cha sheria anaweza kutozwa faini hadi shilingi milioni 20, kufungwa hadi miaka 10, au vyote viwili. Kwa hiyo mjomba aliyeko Mwanza akiombwa asubiri mzazi aje mwenyewe kuchukua majibu, asidhani tunaficha. Na hili la kwamba wazungu wanawafanyia watoto majaribio, naomba tuliache. Utafiti una fomu yake ya ridhaa, ukikataa kusaini mtoto anatibiwa kama kawaida.

Linaloniumiza ni jingine. Saratani ya damu inayowapata watoto wengi zaidi hutibiwa kwa miaka miwili hadi mitatu, na sehemu kubwa ya muda huo mtoto anacheza na kula vizuri. Mvua zikianza Desemba, mzazi anaona mwanawe amepona na shamba la mtama linamsubiri, wanaondoka. Wanarudi Mei, baada ya mavuno, ugonjwa umerudi na dawa za mwanzo hazifanyi kazi tena. Hapo hata bingwa wa Memphis hana la kutushauri. Mzazi anayebanwa na shamba au nauli atuambie kabla ya kuondoka, tarehe ya sindano tunaweza kuipanga naye. Mtoto akishapotea hatuna cha kupanga.

Wengine wanachelewa nyumbani kwa kutojua kwamba hizi zinaweza kuwa dalili za saratani. Mboni inayong'aa nyeupe kwenye picha ya simu hupewa matone ya macho. Taya linalovimba haraka hung'olewa jino, kisha la pili. Tumbo lililovimba upande mmoja hukandwa, na kulikanda kunaweza kupasua uvimbe wa figo. Msikande, msichanje chale.

Mnapokuja, njooni na barua ya rufaa, kadi ya kliniki, na kama kinyama kilishachukuliwa, ombeni ile bloku ya nta ambamo kinyama huhifadhiwa, pamoja na karatasi ya majibu. Bila bloku tunalazimika kumkata mtoto upya. Kwa walioanza dawa: joto likifika nyuzi 38, hata kama ni usiku wa Jumamosi, hospitali ya karibu siku hiyo hiyo, na mwambieni anayewapokea kwamba mtoto yuko kwenye dawa za saratani.