Kocha wa Muda: Neno Moja, Mikataba Miwili

Mashabiki wa soka wa Arusha na Moshi wameshazoea tangazo ambalo hutolewa na klabu yoyote iliyokwama mkiani mwa msimamo wa ligi. Husema kwamba klabu na mwalimu wamekubaliana kusitisha mkataba, kwamba anatakiwa kila la heri huko aendako, na kwamba timu itakuwa chini ya kocha wa muda wakati mchakato wa kumpata kocha mkuu ukiendelea. Sehemu ya kwanza ya tangazo hilo haimdanganyi mtu, kwa sababu kila msomaji anajua kwamba kibarua kimeota nyasi. Hiyo ya mwisho, ya kocha wa muda, hupita bila kuulizwa, ilhali ndiyo inayoamua kama timu itabaki kwenye daraja lake au itashuka.

Kwanza tuliweke neno mahali pake. Kwa kawaida ya soka la Tanzania, anayepanga kikosi na kufundisha ni kocha mkuu, ambaye wachezaji humwita mwalimu. Meneja wa timu ni mtu mwingine kabisa: ni yule anayeshughulikia safari, malazi, jezi, leseni za wachezaji na mambo mengine yasiyoonekana uwanjani mpaka yatakapokosewa. Waingereza wanapomwita kocha wao meneja, wanamaanisha mtu ambaye kwa desturi yao ana sauti hata katika usajili, na msomaji wa Kiswahili anayelichukua neno hilo lilivyo anaweza kudhani kwamba klabu ya hapa ikibadilisha meneja imebadilisha mwalimu. Kocha wa muda, basi, ni mtu anayepewa kazi ya kocha mkuu bila kupewa cheo chenyewe. Wengine humwita kaimu kocha, na neno kaimu lina faida yake, kwa sababu limezoeleka maofisini: kaimu hukalia kiti, hutia saini na hujibu maswali, lakini kila mtu anajua kwamba kiti si chake.

Tatizo ni kwamba neno hilo moja hubeba mikataba miwili isiyofanana. Katika ule wa kwanza, kocha wa muda ni mshika nafasi: anaongoza mechi mbili au tatu wakati uongozi unazungumza na makocha wengine, na kazi yake ni kuhakikisha timu haivurugiki zaidi. Hatarajiwi kubadili mfumo wa uchezaji, hasajili, na hagombani na mtu. Katika ule wa pili, kocha wa muda ni mwokozi wa msimu: amekabidhiwa timu mpaka mechi ya mwisho ili aitoe kwenye hatari, na ili afanye hivyo lazima awe na mamlaka ya kumweka nje nyota asiyekimbia, ya kubadili safu ya ulinzi, na ya kusema ni nani aongezwe katika dirisha dogo la usajili kati ya Desemba na Januari. Muda wa kazi unaweza hata kulingana, kwa hiyo tofauti ya kweli haiko katika urefu wa siku, iko katika mamlaka. Ndiyo maana naona neno "muda" lenyewe linapotosha kidogo, kwani humfanya kila mtu aulize "mpaka lini?" badala ya kuuliza "kwa ruhusa ya kufanya nini?"

Mifano ya karibu inaonyesha jinsi mikataba hiyo inavyoachana. Simba ilipoachana na Didier Gomes mwishoni mwa Oktoba 2021, siku chache baada ya kufungwa 3-1 nyumbani na Jwaneng Galaxy ya Botswana na kutolewa katika Ligi ya Mabingwa Afrika, timu ilibaki mikononi mwa Thierry Hitimana, ambaye alikuwa tayari kwenye benchi la ufundi, mpaka Pablo Franco alipotua mwezi uliofuata. Hitimana alikuwa mshika nafasi. Juma Mgunda, aliyechukuliwa kutoka Coastal Union ya Tanga mnamo Septemba 2022 baada ya Zoran Maki kuondoka, naye aliitwa kocha wa muda, lakini kazi aliyokabidhiwa ilikuwa nzito zaidi: aliipeleka Simba katika hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa, kisha Januari 2023 akampisha Roberto Oliveira, maarufu kama Robertinho. Mgunda huyo huyo aliitwa tena mnamo Aprili 2024, Abdelhak Benchikha alipoondoka, akaimaliza ligi na timu. Mtu anayeitwa kuziba pengo mara mbili katika klabu ile ile si wa kupita tu, hata kama karatasi inasema hivyo.

Timu ya taifa nayo ilitupa somo. Katika Kombe la Mataifa ya Afrika lililochezwa Ivory Coast, Taifa Stars ilifungwa 3-0 na Morocco Januari 2024, na siku mbili baadaye kocha Adel Amrouche alikuwa amesimamishwa, baada ya CAF, Shirikisho la Soka Afrika, kumfungia mechi nane kwa kauli zake kuhusu Morocco hao hao. Timu ikakabidhiwa kwa Hemed Suleiman, ambaye kwa kejeli ya bahati jina lake la utani ni Morocco, na Mgunda akiwa msaidizi wake. Ilitoka sare ya 1-1 na Zambia na sare ya 0-0 na DR Congo, ikaaga mashindano. Kwa kipimo cha mshika nafasi, ile ilikuwa kazi safi, kwani hakuna aliyemtarajia aunde timu mpya katikati ya mashindano. Alipobaki na kupewa nafasi ya kujenga, kazi yake ikapimwa kwa kipimo kingine, na mnamo Novemba 2024 Stars ikaifunga Guinea 1-0 kwa bao la Simon Msuva na kufuzu fainali za 2025.

Katika mashindano yale yale wenyeji Ivory Coast walimwondoa kocha wao Jean-Louis Gasset baada ya kuchapwa 4-0 na Equatorial Guinea. Wakajaribu kumwazima Hervé Renard kutoka timu ya wanawake ya Ufaransa, wakakataliwa, na ndipo wakampa timu Emerse Faé, aliyekuwa msaidizi. Faé alianza kama mshika nafasi aliyepatikana kwa kukosa mwingine, akamaliza akiwa na kombe mkononi mnamo Februari 11, 2024, baada ya kuifunga Nigeria 2-1. Tangu siku hiyo, kila kiongozi wa klabu anayekwepa gharama ya kocha mpya anao mfano wa kuutaja kikaoni.

Hapo inafaa kusimama kidogo, kwa sababu matokeo ya mechi za mwanzo za kocha wa muda hudanganya. Klabu haimfukuzi mwalimu siku yoyote tu. Humfukuza ikiwa chini kabisa, baada ya mfululizo wa vipigo ambavyo baadhi yake vilitokana na penalti iliyogonga mwamba au kipa aliyeteleza. Timu iliyofika huko ina nafasi kubwa zaidi ya kupanda kuliko ya kushuka, awepo mwalimu mpya au asiwepo. Mchumi wa Uholanzi Bas ter Weel aliichunguza ligi ya nchi yake kati ya mwaka 1986 na 2004, akazilinganisha timu zilizomfukuza kocha baada ya kuyumba na timu zilizoyumba vivyo hivyo lakini zikamvumilia wa kwao, akakuta kwamba zote zilinyanyuka kwa namna inayokaribiana. Sisemi kwamba mwalimu hana maana. Ninasema kwamba ushindi wa mechi tatu za kwanza si ushahidi wa kutosha wa kumpa mtu mkataba wa miaka. Chelsea ya Uingereza ilimpa timu Roberto Di Matteo kama kocha wa muda mnamo Machi 2012, akatwaa Kombe la FA na Ligi ya Mabingwa Ulaya, akapewa mkataba wa miaka miwili mwezi Juni, na Novemba mwaka huo huo akafungashiwa virago.

Turudi nyumbani, ambako sababu za kumchagua kocha wa muda mara nyingi si za kiufundi. Ligi Kuu ya Tanzania Bara ina timu 16, kila moja hucheza mechi 30, mbili za mwisho hushuka moja kwa moja, na zilizoshika nafasi ya 13 na 14 huingia kwenye mechi za mtoano kupigania nafasi yao. Klabu ambayo mwezi Februari iko nafasi ya 15 inahesabu siku. Polisi Tanzania, iliyokuwa ikicheza katika Uwanja wa Ushirika hapa Moshi, ilishuka mwishoni mwa msimu wa 2022/23, na JKT Oljoro ya Arusha ilishuka mwaka 2014. Watu wa mikoa hii miwili wanajua kwamba kushuka ni jambo la mwezi mmoja, na kupanda tena huweza kuchukua miaka. Katika hali hiyo msaidizi aliyeko ni rahisi: anawajua wachezaji, anaishi mjini, na mshahara wake umeshapangwa.

Fedha nazo husukuma. Kocha aliyeondolewa kabla ya mkataba kwisha anadai fidia, na akiwa mgeni anaweza kuipeleka klabu FIFA, ambayo tangu Januari 2021 ina kanuni maalumu kuhusu mikataba ya makocha. Klabu ikishindwa kulipa inaweza kuzuiwa kusajili mpaka ilipe, kwa kipindi kisichozidi madirisha matatu mfululizo. Kwa hiyo mara nyingine kocha wa muda huteuliwa si kwa sababu uongozi unamtafuta mwingine, bali kwa sababu bado unamlipa aliyeondoka. Tangazo litasema mchakato unaendelea. Unaoendelea ni wa kutafuta pesa.

Kisha kuna leseni. Msaidizi anaweza kuwa mwalimu mzuri na bado asiruhusiwe kusimama kama kocha mkuu, kwa sababu madaraja ya leseni za CAF, kuanzia D kwenda juu mpaka A na Pro, yana masharti kulingana na mashindano. Hitimana mwenyewe aliongezwa Simba mwaka 2021 kwa kuwa leseni aliyokuwa nayo Gomes haikukidhi masharti ya mashindano ya CAF. Klabu yenye busara huuliza leseni ya msaidizi siku inapomwajiri, si siku kocha mkuu anapoondoka.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa katibu msaidizi wa klabu moja ya madaraja ya chini mjini Moshi, ambayo sitaitaja. Tulikuwa tumepoteza mechi tano mfululizo. Kikao kilifanyika jioni katika chumba cha nyuma cha duka la vipuri vya pikipiki, tumekaa juu ya maboksi ya matairi, na msaidizi, ambaye mchana alikuwa akifundisha shule ya msingi, akaitwa kuambiwa kwamba ndiye atakayeshika timu. Aliuliza jambo moja tu: "Mwenyekiti, naomba nielekezwe. Yule beki wetu wa kushoto akiendelea kuchelewa mazoezini, nina ruhusa ya kumweka nje?" Beki huyo alikuwa mpwa wa mfadhili aliyekuwa akitulipia basi. Mwenyekiti akamjibu, "Wewe shika tu, mwalimu, tutaona mbele," na kikao kikafungwa.

Jibu hilo lilimfanya awe mshika nafasi, wakati kazi aliyopewa ilikuwa ya mwokozi. Wachezaji waliligundua ndani ya wiki. Beki alifika mazoezini dakika arobaini baada ya wenzake, akakaa pembeni akifunga kamba za viatu polepole, na hakuna aliyemsemesha. Kijana mmoja alinong'ona, "Wa muda huyo, atamfanya nini?" Mwalimu aliandika kikosi chake katika daftari la mazoezi la shule, kwa penseli, jina la beki wa kushoto likiwa limefutwa na kurudishwa mara nyingi kiasi kwamba karatasi ilitoboka. Tulishinda mechi yake ya kwanza, tukatoka sare ya pili, kisha tukaporomoka.

Iwapo kamati ile ingeniuliza leo, ningeomba barua ya ukurasa mmoja kabla ya mechi ya kwanza, ikisema kazi inaishia mechi ipi, nani anapanga kikosi bila kuingiliwa, kama mwalimu ataruhusiwa kuomba nafasi ya kudumu, na kama akishindwa atarudi kwenye usaidizi wake au naye ataondoka. Sharti hilo la mwisho husahauliwa kuliko yote, na ndilo linalomfanya msaidizi mwoga: asiyejua kama ana pa kurudi hufundisha kwa kulinda mshahara. Ningeomba pia makabidhiano ya maandishi, kwa sababu kocha wa muda, hata aliyefungwa kila mechi, ndiye anayejua ni nani anacheza na goti bovu na ni nani amegombana na nani katika chumba cha kubadilishia nguo.

Kocha mkuu mpya alikuja zikiwa zimebaki mechi nne, akaanza kuuliza majina ya wachezaji mmoja mmoja uwanjani. Daftari la penseli lilikuwa kwenye mkoba wa yule mwalimu wa shule, aliyesimama karibu na goli akikusanya mipira. Hakuna aliyemwomba, nami nikiwemo.