Barabara za Marekani ya miaka ya 1950 hazikuwa wazi kwa kila kijana

Wasomaji wengi wa riwaya za vijana wanaopevuka safarini, katika Marekani ya miaka ya 1940 na 1950, huamini kwamba enzi zile yeyote mwenye gari na petroli alikwenda atakako. Imani hiyo inaeleweka: riwaya nyingi zilizovuma zilimfuata kijana Mzungu, na yeye hakufungiwa mlango kwa sababu ya rangi yake.

Kwa msafiri Mweusi mambo yalikuwa mengine kabisa. Hoteli, migahawa, hata vyoo vya vituo vya mafuta vingeweza kumkataa, na ilikuwepo miji iliyomtaka aondoke kabla ya jua kuzama. Ndiyo maana familia zilibeba chakula chao, madumu ya petroli, na kitabu cha mwongozo kiitwacho Green Book, kilichoanza kuchapwa mwaka 1936, chenye orodha ya mahali pa kulala palipowapokea. Sheria ya shirikisho iliyopiga marufuku ubaguzi huo ilikuja 1964.

Unaposoma, angalia hadithi inatokea mwaka gani, kisha fuatilia mhusika analala wapi na nani anamfungulia. Nakala za mwongozo ule zinasomeka bure intanetini. Tafuta mji uliotajwa riwayani uone kama una hata anwani moja.