Mapenzi, unga na wahakiki: yanayosemwa barazani na yaliyo kweli

Ikitajwa filamu ya mapenzi yenye mvutaji unga ndani yake, iwe Jaws Corner au Michenzani hapa mjini Unguja, hukumu hutoka kabla watu hawajaitazama. Mmoja atasema inaharibu vijana, mwengine atasema dunia nzima imeisifu, na wote wawili watakuwa wanawasemea wahakiki maneno ambayo hawakuyasema. Nitaichukua filamu moja tu, Heaven Knows What, ya ndugu wawili wa New York, Josh na Benny Safdie. Ilioneshwa mara ya kwanza Venice mwaka 2014. Inamfuata Harley, msichana asiye na makaazi, mraibu wa heroini, aliyempenda Ilya kupita kiasi hali Ilya mwenyewe hamtaki.

«Wahakiki wakiisifu, wameusifu unga»

Hii ndiyo dhana inayoniuma zaidi, kwa sababu inawazuia watu wetu wasizungumze juu ya jambo lililoingia majumbani mwao. Mhakiki hapimi kama Harley ni mtoto mwema. Anapima kama filamu imemuonesha kwa ukweli, kama imemuacha abaki mtu. Walioisifu filamu hii waliisifu khasa kwa kutoupamba unga. Hakuna starehe ya kutamanisha pale. Watu wanagombana, wanaomba barabarani, wanaiba madukani, wanatafuta pa kulala, kesho wanaanza upya.

Walioilalamikia walisema inachosha, kwamba inazunguka palepale na hakuna anayebadilika. Nawaelewa, lakini kwangu mimi mzunguko huo ndio ukweli wenyewe. Arosto ya heroini, yaani maumivu ya kuikosa, huanza kama saa sita hadi kumi na mbili baada ya dozi ya mwisho, hufika kileleni katika siku ya kwanza hadi ya tatu, kisha hupungua polepole kwa muda wa kama wiki. Basi siku nzima ya mraibu inapangwa na saa hizo: pesa, dozi, kidogo cha utulivu, halafu mwili unadai tena. Aliyewahi kuishi na kaka au mjomba anayevuta hahitaji kuelezwa. Msimulizi akiichukua hali hiyo akaipa mwanzo mzuri, kilele na suluhu, anakuwa amewadanganya watazamaji wake, na mhakiki makini ataliona hilo.

«Asilimia tisini maana yake ni alama tisini»

Sivyo. Ile asilimia ya Rotten Tomatoes, tovuti inayokusanya maoni ya wahakiki, inahesabu ni wahakiki wangapi kati ya wote wameelekea kuipenda filamu, na ikifika 60 inatiwa katika kundi la filamu nzuri. Haisemi wameipenda kiasi gani. Tuseme wahakiki mia wote wameipa alama sita kwa kumi: filamu itapata asilimia mia, na hakuna hata mmoja aliyeiona ya ajabu. Metacritic, tovuti nyengine ya aina hiyo, ndiyo inayotafuta wastani wa alama, tena baadhi ya wahakiki wakipewa uzito zaidi ya wengine, na kwa hesabu yake filamu hiyohiyo itakaa karibu na sitini. Filamu ngumu za aina hii mara nyingi huwagawa watu, wengine wakaikumbatia kabisa na wengine wakaikimbia, na mgawanyiko huo hauonekani katika tarakimu moja.

Tunzo nazo ni vivyo hivyo. Heaven Knows What ilipata tunzo kuu ya tamasha la Tokyo mwaka 2014, lakini tunzo ni uamuzi wa majaji wachache waliokaa pamoja siku chache. Ndivyo ilivyo hata kwa Jahazi la Dhahabu, tunzo ya ZIFF, tamasha letu la filamu la Zanzibar la tangu mwaka 1998.

«Yule hakuigiza, alijionesha tu»

Arielle Holmes, aliyecheza kama Harley, aliishi maisha hayo mitaani New York, na filamu imetoka katika kumbukumbu alizoziandika mwenyewe. Watu wakisikia hivyo humpunguzia sifa. Lakini hebu fikiria kazi aliyopewa: kuyarudia mbele ya kamera maumivu yaliyokwisha kupita, tena akikabiliana na Caleb Landry Jones, muigizaji wa kazi aliyekuja kumchezea huyo mpenzi. Huko ni kuigiza, na kwa maoni yangu ni kuigiza kuzito kuliko kwingi tunakokupigia makofi.

Na picha zile zilizopigwa kwa mbali, zenye wapita njia mbele ya kamera? Si umasikini wa watengenezaji. Lenzi ndefu iliwawezesha kusimama mbali na kuuacha mji uendelee na shughuli zake.

«Ameingia kwenye unga kwa sababu ameachwa»

Kuvunjika moyo kunaweza kumsogeza mtu, lakini uraibu una njia zake: mwili unazoea, kipimo cha jana hakitoshi leo, na kuacha kunakuwa ugonjwa. Ndiyo maana katika hospitali ya Kidongo Chekundu, hapa Unguja, tangu 2015, watu wanakunywa methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini, kila siku chini ya uangalizi, na ndiyo maana tuna nyumba za upataji nafuu. Filamu hii haitoi sababu moja, na imefanya vizuri.

«Mhakiki na mkaguzi wa filamu ni kitu kimoja»

Hapa kwetu BASSFU, Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni, ndiyo yenye mamlaka ya kuamua filamu ioneshwe au isioneshwe. Mhakiki hana rungu hilo. Hukumu hizo mbili zinaweza hata kwenda njia tofauti. Mwaka 2000, chombo cha madaraja cha Marekani kiliipa Requiem for a Dream, filamu nyengine ya waraibu, daraja lake kali kabisa, wasambazaji wakaamua kuitoa bila daraja. Filamu hiyohiyo ikamfikisha Ellen Burstyn, mmoja wa waigizaji wake, kwenye uteuzi wa Oscar.

«Uhakiki ni wa wenzetu wa nje»

Mzanzibari ana swali ambalo wa New York huenda lisimjie upesi: jamaa zake Harley wako wapi? Filamu haimpi mama wala shangazi. Wote wanaomzunguka ni wavutaji wenzake. Teja wa mtaa wetu wa Ng'ambo, hapa Unguja, ana mama anayemfichia sahani ya chakula na jirani aliyemjua tangu yuko chuoni kwa mwalimu wa Kurani. Je, upweke ule wa Harley ni ukweli wa mji wake, au watengenezaji wamewaondoa jamaa ili mapenzi yake kwa Ilya yaonekane makubwa zaidi? Ningependa kuusoma uhakiki unaolijibu hilo, umeandikwa kwa Kiswahili.